Kuchagua albamu za jazz kwa mpiga besi: shajara ya mradi

Januari, mwanzoni

Kijana ninayemfundisha gitaa la besi ameniomba orodha ya albamu za jazz za kujifunzia. Anapiga vizuri: mkono wa kushoto haubabaiki, mdundo anaushika, na akipewa kodi za wimbo, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, anapita kwenye mizizi yake, zile noti za msingi, bila kupotea. Anachokosa ni jazz yenyewe, yaani namna besi inavyotoka kodi moja hadi nyingine kwa mapigo manne yasiyokoma, ikiongea na drams badala ya kuzifuata tu.

Orodha zipo tele. Mwombe mpiga jazz yeyote akutajie albamu za lazima, atakumwagia majina mpaka umwambie basi, na yote yatakuwa majina makubwa kweli. Ila orodha hizo hupangwa kwa ukubwa wa albamu katika historia, na albamu inaweza kuwa nguzo ya historia na bado isimfae anayejifunza besi. Pengine besi imezama chini ya tarumbeta. Pengine kasi inavishinda vidole. Pengine mpigaji anavunja kanuni ambazo mwanafunzi hajazijua bado, kwa hiyo hata utamu wa kuzivunja hauonji.

Masharti yangu basi ni haya. Kila albamu itakayoingia iwe na kazi moja ninayoweza kuitaja kwa sentensi moja. Besi isikike noti kwa noti. Na uwepo angalau wimbo mmoja ndani yake ambao mwanafunzi ataufuata kwa kasi yake halisi, bila kuupunguza mwendo kwa programu. Orodha iwe fupi, imalizike. Mtu anayesikiliza albamu arobaini mara moja moja ni msikilizaji, na hilo si baya, lakini sicho tunachokitafuta hapa.

Januari, katikati

Nimeanza na suala la kusikia, kwa sababu kijana husikilizia muziki kwenye spika ya simu. Uzi mnene wa besi, E, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu haina ubavu wa kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Kinachofika sikioni ni zile sauti za juu zinazoandamana na noti, na ubongo unajaza pengo lililobaki. Unaweza kutambua wimbo kwa njia hiyo, lakini huwezi kujua kama mpigaji ameachia noti mapema au ameivuta hadi pigo linalofuata, na katika besi ya jazz hapo ndipo penye kazi. Hedifoni za kawaida, za kufunika masikio, zinatosha.

Suala hilo la kusikia ndilo limenipa mtihani wa kuchuja. Namwekea wimbo mara mbili, kisha namwomba aimbe mstari wa besi, hata vibaya, hata kwa oktava ya juu. Akiimba ala nyingine bila kujua, albamu inatoka.

Wa kwanza kuleta ubishi ni mpiga besi Jimmy Blanton. Alijiunga na bendi ya Duke Ellington mwaka 1939, akafariki kwa kifua kikuu mwaka 1942 akiwa na miaka 23, na katika muda huo mfupi alibadilisha kabisa mtazamo wa watu kuhusu besi. "Jack the Bear" ya mwaka 1940 inaanza na besi na kuisha na besi, jambo ambalo bendi kubwa za wakati huo hazikuwa na mazoea nalo. Kwa historia hakuna wa kumkwepa. Kwa mtihani wangu anapita nusu: anapokuwa mbele unasikia kila kitu, bendi nzima ikiingia unabaki na mtutumo. Nimeamua tuchukue wimbo huo mmoja tu, si mkusanyiko mzima. Una faida nyingine: rekodi za enzi zile zilibanwa na santuri za dakika tatu hivi upande mmoja, kwa hiyo unaweza kuurudia mara nyingi katika kikao kimoja.

Januari, mwishoni

"Kind of Blue" ya mpiga tarumbeta Miles Davis, 1959, Paul Chambers kwenye besi. Nilitaka kuikwepa kwa sababu kila mtu anaitaja. Sikufanikiwa, na sababu ni "So What".

Wimbo huo ni shule ya besi iliyojificha ndani ya wimbo maarufu. Kwanza, besi ndiyo inayouliza: Chambers anapiga melodi, piano na kisha vyombo vya kupuliza vinajibu kwa kodi mbili. Mwanafunzi anayezoea kukaa nyuma anajikuta mbele tangu mwanzo. Pili, umbo lake ni jepesi kushika na gumu kujaza. Vipimo 32, kila kimoja cha mapigo manne: 16 katika D, nane vinapanda nusu toni hadi E flati, nane vinarudi D. Basi. Hakuna kodi nyingine ya kukuokoa. Mpiga besi aliyezoea kupokea kodi mpya kila baada ya mapigo manne anakosa pa kujishika, analazimika kutunga mstari mrefu wenye mwelekeo kutoka kwenye skeli moja.

Kazi niliyompa: vipimo 32 vya kwanza chini ya solo ya Davis. Asiandike noti zote. Aandike noti ya pigo la kwanza la kila kipimo tu, halafu aniambie ni mara ngapi Chambers ameanzia kwenye D yenyewe na mara ngapi ameanzia kwingine. Baadaye aandike pigo la nne, kwa sababu pigo la nne ndilo linalosukuma mlango wa kipimo kinachofuata: nusu toni kutoka juu, nusu toni kutoka chini, au kuruka kutoka "so" kwenda "do". Akiona hayo mawili, pigo la pili na la tatu atajaza mwenyewe, na mara nyingi atajaza karibu na alivyojaza Chambers.

Siku mbili tatu baadaye kijana akanipigia simu.

"Mwalimu, samahani. Hii rekodi haikubaliani na besi yangu. Nimetyuni mara mbili."

"Umetyuni kwa mashine?"

"Ndiyo, Mwalimu. Iko sawa. Wao wako juu kidogo."

Sikio lake liko sawa, na nimefurahi kuliko nilivyomwonyesha. Kikao cha kwanza cha albamu hiyo kilifanyika tarehe 2 Machi 1959, na mashine ya kurekodia iliyotumika ilikuwa inakwenda polepole kidogo. Utepe ukichezwa kwa kasi ya kawaida, muziki unapanda juu. Nyimbo tatu za upande wa kwanza, "So What", "Freddie Freeloader" na "Blue in Green", zilitoka hivyo kwenye santuri kwa miongo kadhaa, na hazikurekebishwa hadi matoleo ya miaka ya 1990. Yeye amepata nakala ya toleo la zamani. Ana njia mbili: atafute toleo lililorekebishwa, au atyuni besi kwa kufuata rekodi na kukumbuka kuishusha baadaye. Nimemwambia achukue ya kwanza.

Kikao cha pili kilikuwa tarehe 22 Aprili, siku ambayo Chambers alikuwa anatimiza miaka 24. Nimemtajia kijana hilo kwa makusudi. Wale tunaowaita wazee wa jazz, wengi walifanya kazi hizi wakiwa na umri wake.

Februari

Nilikuwa natafuta albamu isiyo na piano. Piano ikiwepo, mwanafunzi anasikia kodi kutoka huko na kuisahau besi. Ikiondoka, besi inabeba jengo zima.

Wagombea walikuwa wawili, wote wa mpiga saksafoni Sonny Rollins, wote wa mwaka 1957. "A Night at the Village Vanguard" ina Wilbur Ware kwenye besi katika sehemu kubwa, mpigaji ninayempenda mno, anayeacha nafasi pale ambapo wengine wangejaza. Lakini ni rekodi ya ukumbini, na Elvin Jones kwenye drams hamwachi mtu apumue. "Way Out West" ina Ray Brown kwenye besi na Shelly Manne kwenye drams, na ilirekodiwa studio Los Angeles kuanzia saa tisa usiku kwa sababu wote watatu walikuwa na ratiba zilizojaa. Uchovu wa usiku huo husikii popote.

Kilichoamua ni jambo la kiufundi. Katika stereo ya "Way Out West", saksafoni imewekwa upande mmoja, besi na drams upande mwingine. Vua sikio moja la hedifoni na Rollins anatoweka, unabaki na Brown na Manne wawili peke yao. Badilisha, na sasa Rollins yuko peke yake, na wewe ndiye mpiga besi. Hakuna programu ya kutenganisha vyombo itakayokupa usafi huo. Waliochanganya sauti zile walikuwa wanajaribu stereo ilipokuwa bado ngeni, hawakuwa wanatengeneza zana ya mazoezi. Lakini sijaona bora zaidi.

Tumeanza na "I'm an Old Cowhand". Manne anaanza kwa kugonga mbao kama kwato za farasi, na Brown anaingia kwa noti zenye uzito usiobadilika. Hapo nikamwomba kijana asikilize urefu wa noti, si noti zenyewe. Brown anaishika kila noti hadi karibu kabisa na inayofuata, halafu anaiachia kwa upenyo mdogo, na upenyo ule ndio unaofanya mguu wako utikisike. Kijana akapiga mistari ileile, noti sahihi, na ikawa nzito kama gari lililokwama kwenye tope. Tofauti iko kwenye chombo. Nyuzi za besi ya kusimama, ile kubwa ya mbao anayopiga Brown, hufifia zenyewe, za gitaa la besi la umeme huendelea kulia mpaka uzizime.

Dawa tuliyotumia ni kipande cha sponji kilichopenyezwa chini ya nyuzi karibu na daraja. Kinameza mlio kwa namna inayokaribia nyuzi za zamani. Wapiga besi ya umeme wamekitumia tangu zamani na hakigharimu chochote. Akishazoea urefu sahihi wa noti, tutaondoa sponji na mkono wa kushoto ufanye kazi hiyo wenyewe, kwa kulegeza kidole bila kukiinua.

"Solitude" ya albamu hiyo nimeiweka akiba. Ni polepole, na polepole ndiko kugumu.

Februari, mwishoni

Ray Brown tena, safari hii na piano: "Night Train" ya mpiga piano Oscar Peterson, iliyorekodiwa Desemba 1962, Ed Thigpen kwenye drams. Sikuhitaji kufikiri sana. Kijana anahitaji bluzi ya vipimo 12 kwa wingi, na albamu hii imejaa bluzi fupifupi zilizorekodiwa kwa usafi. "C Jam Blues" ina melodi ya noti mbili, "so" na "do", kwa hiyo hakuna kitu cha kukuvuta macho zaidi ya besi. "We Get Requests" ya watu haohao ina sauti tamu zaidi, na mwanzo wa "You Look Good to Me", ambapo Brown anatumia upinde, unaweza kumfanya mtu auze gitaa lake anunue besi ya kusimama. Lakini kazi ya albamu hiyo kwetu ingekuwa ileile, kwa hiyo imetoka. Ataisikiliza akiwa anapika.

Machi

Mpiga besi Scott LaFaro. Hapa tumegombana, mimi na rafiki yangu mpiga piano ambaye huja kwenye vikao vyetu mara mojamoja.

Yeye anasema huwezi kumfundisha mpiga besi jazz bila "Sunday at the Village Vanguard" ya mpiga piano Bill Evans. Ilirekodiwa tarehe 25 Juni 1961, LaFaro akafariki kwa ajali ya gari tarehe 6 Julai, siku chache tu baadaye, akiwa na miaka 25. Albamu inafunguliwa na "Gloria's Step" na kufungwa na "Jade Visions", zote alizitunga yeye. Besi inasikika vizuri ajabu kwa rekodi ya ukumbini, na kati yake, Evans na Paul Motian wa drams hakuna aliye bwana na hakuna aliye mtwana.

Yote hayo nayakubali, na bado nasema hapana. LaFaro mara nyingi hapigi mapigo manne. Anakatiza, anapanda juu, anamjibu Evans, anaacha pigo la kwanza likiwa wazi kwa sababu ana uhakika wenzake wanalijua lilipo. Mwanafunzi akiiga hayo kabla hajaweza kuwa yeye mwenyewe anayelishikilia pigo la kwanza, bendi itasambaratika naye ataamini amepiga kisasa. Nimeshawasikia vijana wa namna hiyo. Wana vidole vyepesi kupita kiasi, na hakuna anayetaka kupiga nao mara ya pili.

"Basi mwache asikilize tu," rafiki yangu akasema, "asinakili."

Hilo nimelikubali. Albamu imeingia kwenye orodha kwa sharti la kusikiliza bila chombo mkononi. Kazi: achague wimbo mmoja, na kila LaFaro anapoacha mapigo manne, aseme kwa sauti "ameacha", na anaporudi, "amerudi". Jaribio la kwanza alikosea mara nyingi kwa sababu alikuwa anamsikiliza Evans. Hivyo ndivyo ninavyotaka. Akifika mahali pa kupatia, atakuwa ameanza kusikia pigo ambalo hakuna anayelipiga.

Machi, mwishoni

"A Love Supreme" ya mpiga saksafoni John Coltrane, iliyorekodiwa kwa siku moja, tarehe 9 Desemba 1964, katika studio ya Rudy Van Gelder, New Jersey. Mpiga besi ni Jimmy Garrison.

Sehemu ya kwanza, "Acknowledgement", imesimama juu ya noti nne za besi: F, A flati, F, B flati. Kijana alizipata kabla wimbo haujafika katikati, akanitazama kama anayeuliza, ndiyo haya tu? Nikamwambia apige hizo nne pamoja na rekodi mpaka mwisho, bila kusimama na bila kuongeza chochote. Hazijapita dakika mbili mkono ukaanza kutangatanga. Kurudia bila kuchoka, na bila kuwachosha wanaokusikiliza, ni kazi ya besi katika muziki wa aina nyingi duniani, na anaijua vizuri kwingine. Jazz ilimfanya adhani ameruhusiwa kuisahau.

Baadaye tukarudi kumsikiliza Garrison mwenyewe. Naye haziachi zile noti nne zibaki kama zilivyo: anazigeuza, anazichelewesha, anazipeleka juu, lakini kila mara unajua zilipo. Karibu na mwisho Coltrane anazichukua noti nne zile na kuzipitisha kwenye funguo mbalimbali, sauti za watu zinaingia kwa maneno ya jina la albamu, wimbo mzima unashuka toni moja hadi E flati, wengine wanaondoka mmoja mmoja, na besi inabaki peke yake. Nimempa kazi ya kunakili pale mwishoni tu, palipobaki besi.

Sehemu nyingine za albamu sijamgusisha. "Pursuance" inakwenda kasi ya kutisha, ingawa solo ndefu ya besi inayoifunga ataihitaji siku moja.

Aprili

Kijana amekuja na hoja, na ni hoja ya haki: "Mwalimu, hawa wote wanapiga besi ya kusimama. Mimi chombo changu ni hiki."

Nilikuwa nimemwambia mapema kwamba nyuzi ni zilezile, E, A, D, G, na akili ya kutembea kwenye kodi haibadiliki. Lakini ni kweli kwamba gitaa la besi lina historia yake ndani ya jazz, na orodha yangu ilikuwa imeipuuza.

Jina la kwanza linakuja lenyewe: Jaco Pastorius, albamu ya kwanza yenye jina lake, 1976. Besi isiyo na freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, na wimbo wa kufungulia ni "Donna Lee", melodi ya kasi ya bebop, mtindo mmoja wa jazz, yeye na ngoma za konga za Don Alias tu. "Portrait of Tracy" imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya zile noti za juu zinazotoka ukiugusa uzi bila kuubana. Kijana alitaka tuanze hapo hapo. Kila mpiga besi wa umeme anataka kuanza hapo, na Jaco amewaharibu wengi kwa sababu wanachukua vidole wanaacha mdundo.

Kwa hiyo nimemgeuza njia: Jaco akiwa nyuma ya mtu mwingine. "Bright Size Life" ya mpiga gitaa Pat Metheny, mwaka huohuo 1976, gitaa, besi na drams za Bob Moses. Hakuna piano, nafasi ni pana, na Jaco anatembea, anaimba, anarudi chini, yote kwa ajili ya wimbo wa mwenzake. Wimbo wenye jina la albamu umeingia kwenye orodha. "Donna Lee" itaingia kama melodi ya kujifunza polepole sana, vipimo vinne vinne, kama zoezi la vidole na si kama kilele.

Kwa wale watakaotaka kumpeleka mwanafunzi kwenye "Head Hunters" ya Herbie Hancock, 1973: mstari maarufu wa "Chameleon" anaoujua kila mtu haukupigwa kwa gitaa la besi. Hancock aliupiga kwa sintesaiza, kinanda cha umeme kinachounda sauti. Paul Jackson, mpiga besi, anapiga kitu kingine juu yake, na kitu hicho ndicho cha kunakili. Mwambie mwanafunzi anakili besi ya "Chameleon" bila kumpa dokezo, halafu uone ameleta mstari wa nani.

Mei, mwanzoni

Nilipokuwa napitia tena orodha niliona imekaa Marekani tu. Sitaki kuongeza jina kwa ajili ya kupendezesha, lakini kuna mtu aliyekuwa anastahili tangu mwanzo: mpiga besi Johnny Dyani wa Afrika Kusini, aliyeondoka nchini kwake na kundi la Blue Notes mwaka 1964. "Good News from Africa" ni yeye na mpiga piano Abdullah Ibrahim, wakati ule akiitwa Dollar Brand, wawili peke yao, ya mwaka 1973. Besi yake ni nene, yenye makunyanzi, na inarudia mistari mifupi kwa namna inayokutoa kwenye dhana kwamba besi ya jazz lazima itembee mapigo manne. Baada ya Garrison, kijana alimwelewa papo hapo. Aliimba mstari wa besi mara ya kwanza tu, bila kuombwa. Mtihani wangu haujawahi kupitwa kirahisi namna hiyo.

Richard Bona wa Kamerun, ambaye albamu ya Jaco ndiyo iliyomgeuza kuwa mpiga besi, nimemwacha nje kwa sasa. "Scenes from My Life" ya 1999 ni nzuri, ila sauti yake ya kuimba inachukua masikio yote, na ukiimba besi unaishia kuimba yeye.

Mei, katikati

Imebaki nafasi ya mtu wa kufundisha ukimya, na nimekwama kati ya wawili.

Wa kwanza ni mpiga besi Ron Carter kwenye "Nefertiti" ya Miles Davis. Katika wimbo wenye jina hilo, tarumbeta na saksafoni zinarudia melodi ileile mwanzo hadi mwisho, na wanaobuni ni piano, besi na drams. Ni wazo la ajabu na ni somo kubwa, lakini anayezungumza zaidi ni Tony Williams kwenye drams. Kijana alipoambiwa aimbe besi, aliimba drams kwa mdomo. Sikumlaumu.

Wa pili ni mpiga besi Israel Crosby kwenye "At the Pershing" ya mpiga piano Ahmad Jamal, iliyorekodiwa ukumbini Chicago Januari 1958. Jamal anapiga noti chache, anaacha nafasi, na Crosby anaijaza nafasi hiyo kwa mistari inayoweza kusimama kama nyimbo peke yake. "Poinciana" ni karibu dakika nane za mdundo mmoja ambao Vernel Fournier wa drams na Crosby wanaushika bila kuonyesha jasho. Kasi inafuatika. Besi iko wazi. Kijana aliiimba.

Crosby ameingia. Carter anasubiri mwakani, pamoja na mpiga besi Charles Mingus, ambaye nimemwahirisha kwa sababu tofauti: "Haitian Fight Song" inaanza na besi peke yake, ndefu, kali, na inahitaji mkono wa kulia ambao kijana hana bado. Kumpa sasa ni kumfundisha kukaza bega.

Mei, mwishoni

Hali ya mradi ilivyo. Vinavyonakiliwa: "So What", "I'm an Old Cowhand", "C Jam Blues", mwisho wa "Acknowledgement", "Poinciana", na wimbo wa Metheny. Vinavyosikilizwa bila chombo: LaFaro, Dyani, na "Jack the Bear". Rafiki yangu mpiga piano amechukua hatua ya kulalamika kwamba hakuna mpiga besi Charlie Haden popote, na ni kweli. Nimemwambia alete wimbo mmoja kutoka "The Shape of Jazz to Come", albamu ya Ornette Coleman ambayo Haden anapiga besi, ambao mwanafunzi ataweza kuimba besi yake baada ya kuusikia mara mbili. Ameleta "Lonely Woman". Tutaijaribu kikao kijacho, sponji ikiwa imeshatolewa, na hedifoni zikiwa masikioni mwa kijana kabla hajaambiwa ni nani anayepiga.